Mashine ya Kutunza Sauti ya Baba

Hsinchu, 3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umekula? Masikio yanaendeleaje? Mimi sijambo, bado nakagua bodi za kompyuta kiwandani na wakubwa wananiheshimu.

Nakuandikia barua kwa kuwa simu husikii tena, na ujumbe wa simu wewe unasema herufi zake ni ndogo kama chawa. Ni kuhusu zile kanda mia mbili na kumi za maonyesho yako ya vikaragosi. Zinaota ukungu kabatini. Zikiharibika, sauti yako imekwenda, na hakuna mwingine anayeweza kuigiza watu ishirini kwa koo moja. Nataka kukuundia kompyuta ndogo ya kukaa chini ya televisheni, na ndani yake ghala la kuhifadhi maonyesho yote. Kila kipande nitakichagua mwenyewe. Niruhusu nije kuzichukua.

Binti yako,
Siok-ling

Huwei, 20 Machi

Siok-ling,

Nimekula, wali na nyama ya kuchemsha. Hali ni njema. Masikio ni yale yale. Majirani wananisema mbele yangu nami natabasamu tu.

Kikundi hiki kilianzishwa na baba wa babu yangu. Mimi ni kizazi cha nne. Cha tano ulikuwa wewe, mikono yako nimeifundisha tangu una miaka sita, ukaona heri ukakague bodi. Iliniuma na bado inaniuma. Sasa unataka kunitia ndani ya kasha.

Hata hivyo, niandikie ni vipande gani. Mtu hanunui kikaragosi bila kuuliza kichwa kimechongwa kwa mti gani.

Baba yako

Hsinchu, 29 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Huku mafua kidogo, yamepita.

Prosesa, yaani ubongo wa mashine, nimechagua ya kawaida, isiyokula umeme, maana mashine itawaka kutwa kucha. Kadi ya picha ya bei mbaya hatuihitaji, hiyo ni ya wacheza michezo. Bodi mama, ile inayobeba vipande vyote, ina nafasi sita za diski, na nimeikagua mimi mwenyewe. Diski ni nne: mbili za kazi, mbili za nakala, kila kitu kinaandikwa mara mbili. Moja ikifa, mwenzake anaendelea na onyesho.

Kwenye feni nitabana matumizi. Za bei nafuu zinanguruma kidogo, lakini wewe hutazisikia.

Binti yako,
Siok-ling

Huwei, 11 Aprili

Siok-ling,

Pole na mafua. Kunywa maji ya tangawizi. Mimi sijambo, ila umenikasirisha.

Kiziwi ni mimi, watazamaji si viziwi. Yule kikaragosi wa bibi anayemuaga mwanawe, nilimpa mnong'ono tu. Miaka arobaini watu wamezuia pumzi ili wamsikie. Feni ikinguruma hapo, umemuua bibi wa watu. Kwetu mtu habani matumizi pale mtazamaji anapokaa. Hilo nilidhani nimekufundisha.

Halafu unanunua diski mbili upate moja? Ningejua, ningezaa mabinti wawili. Lakini nimelala nalo nikalielewa. Mimi nilikuwa na sauti moja, haina nakala. Njoo uchukue kanda.

Baba yako

Hsinchu, 2 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kimya kirefu, kanda zilinila muda. Mimi ni mzima.

Feni nilibadilisha mara tatu. Hii ya sasa ni pana na inazunguka polepole. Nilikaa hatua mbili kutoka kwenye mashine nikafungulia onyesho la yule bibi, na nilichosikia ni yeye peke yake. Kanda tatu zilikuwa zimeoza, nisamehe. Nyingine zote nimezisikiliza mwanzo hadi mwisho, na vidole vyangu vilikuwa vikicheza vyenyewe mezani. Sikujua kwamba bado vinakumbuka.

Binamu analeta mashine kwa gari lake. Juu yake kuna pakiti ya kijani ya vitafunwa, kama tunavyoweka juu ya kila mashine kazini kwetu, kwa imani kwamba mashine itakuwa na adabu na haitaharibika. Usiile.

Binti yako,
Siok-ling

Huwei, 25 Agosti

Binti yangu Siok-ling,

Umekula? Mimi nimeshiba na nina furaha. Pakiti niliila, nikanunua nyingine. Mashine haikununa.

Jumapili walikuja majirani kumi na sita, na mzee Hok-lai aliyenipigia ngoma miaka yote. Mimi nilikaa kando ya televisheni, nikiwatazama wao. Unajua mcheza vikaragosi anaishi nyuma ya jukwaa. Miaka arobaini sijawahi kuziona nyuso za watu wangu. Wanacheka na midomo wazi, Siok-ling. Alipofika yule bibi, wote waliinama mbele kwa pamoja, hakuna aliyekohoa. Nikajua feni yako imenyamaza.

Hok-lai akaandika kwenye karatasi, nani ameunda kitu hiki. Nikamjibu kwa sauti, nadhani nilipiga kelele: "Binti yangu. Kila kipande kakichagua yeye."

Masanduku ya kikundi yote yana jina la mwenyewe na kizazi chake. Leo nimechukua rangi nyekundu nikaandika ubavuni mwa kasha: Tan Siok-ling, kizazi cha tano. Usiogope, matundu ya hewa nimeyaacha wazi.

Baba yako