Bata Mzinga Aliyewekwa Chini

Lanham, Maryland,
29 Novemba 1998.

Mpendwa mdogo wangu Honorata,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Je, mguu umepona, au bado unauburuta kwenda jikoni kwa mapadri? Na shemeji Eliudi, kikohozi kimemwachia? Sisi ni wazima, ingawa nimechoka. Leo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, na barua yako imekaa wiki tatu bila jibu. Hiyo si adabu, unisamehe.

Uliniuliza jinsi ya kupika bata mzinga aliyegandishwa, kwa kuwa Paroko ataletewa mmoja kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya Krismasi. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze kosa langu, ili lisiwe lako.

Alhamisi iliyopita ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha kwa kula bata mzinga. Binti yangu Dorothea, ambaye kama ujuavyo anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, alikuwa amealika watu tisa. Mmoja wao ni jirani yetu Mama Nkatha, Mmeru wa Kenya, aliyepasuliwa tumbo mwezi wa Oktoba. Madaktari wamemwonya asile chochote chenye shaka.

Jumanne asubuhi Dorothea, akiwa amekwisha kuvaa koti, alipaza sauti mlangoni: "Baba, mtoe bata huko juu umweke chini, ayeyuke taratibu!" Akaondoka.

Sasa, katika nyumba hii "chini" ni chumba kilicho chini ya ardhi. Nguo hufuliwa chini, masanduku yamewekwa chini. Basi nikamtoa ndege katika sehemu ya juu ya jokofu, mgumu kama jiwe la kusagia, nikateremka naye ngazi kumi na tatu, nikamweka mezani kando ya mtambo unaopasha nyumba joto. Nilijiona nimetii.

Alhamisi asubuhi, kabla Dorothea hajarudi kutoka zamu ya usiku, mjukuu wangu Abigail alinikuta huko nikifuta maji yaliyomwagika. Ana miaka tisa. Husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, nami hujifanya sisikii mpaka atafsiri. Safari hii alitafsiri upesi.

"Babu, Mama alisema chini ya friji! Sio chini-chini!"

"Jokofu," nikamsahihisha. "Na ni 'si', si 'sio'." Kisha nikaelewa alichosema, nikamgusa ndege.

Ngozi ya ndege ilikuwa vuguvugu. Nilimnusa, hakunuka. Nikampandisha, nikamweka jokofuni, sehemu ya chini, mahali alipotakiwa kukaa tangu Jumanne. Saa moja Dorothea akaingia, akafungua jokofu, akambonyeza kifua.

"Mwalimu wangu! Ameyeyuka kuliko wa mwaka jana. Nilijua nikikuachia wewe hakuna kosa."

Abigail alikuwa amekwenda kutazama televisheni. Kama ningenyamaza, nani angejua? Nimesahihisha makosa ya watu kwa miaka thelathini na mmoja, pamoja na barua za binti huyuhuyu, nilizomrudishia zikiwa na wino mwekundu. Nikajiambia kwamba moto wa tanuri huua kila kitu. Halafu nikakumbuka jinsi Mama Nkatha anavyolishika tumbo lake akicheka. Nikasema.

Dorothea aliketi sakafuni na viatu vyake vya kazi. "Siku mbili, Baba? Kando ya joto lile?"

"Hukutaja jokofu. Kielezi cha mahali kikiachwa peke yake..."

"Shikamoo, Bwana Kielezi!" Alicheka, kisha akalia kidogo, nadhani kwa uchovu. Akanieleza kwamba nyama ikikaa kwenye joto kwa zaidi ya muda wa saa mbili huota vijidudu, na vingine huacha sumu isiyoondolewa hata na tanuri. Pua si kipimo. Akamfunga ndege katika mifuko miwili, nikasikia akianguka ndani ya pipa. Sisi, Honorata, tuliokuwa tukigawana kuku mmoja watu kumi na mmoja.

Akaenda kumtafuta mwingine kabla maduka hayajafungwa, akarudi naye, wa kilo tano na nusu, mgumu vilevile. Nikamwambia alale. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu.

Kwa hiyo zingatia. Ukiwa na siku za kutosha, mweke juu ya sinia ndani ya jokofu, chini ya sehemu ya kugandishia, siku nzima kwa kila kilo mbili. Siku zisipotosha, mzamishe katika maji baridi, mfuko wake ukiwa haujatoboka, na ubadilishe maji kila nusu saa. Mimi nilibadilisha tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane, mpaka vidole vikafa ganzi. Ukimtoa majini, mpike papo hapo. Ndani yake kuna kifurushi cha karatasi chenye shingo, ini na firigisi; kitoe. Usimjaze wali. Sisi tulimpaka siagi, chumvi na kitunguu saumu, akakaa saa tatu katika tanuri la nyuzi mia moja sitini na tano. Mwombe Paroko kipimajoto cha nyama, ukichome kwenye paja pasipo kugusa mfupa. Kionyeshe nyuzi themanini na mbili. Rangi nzuri ya ngozi isikudanganye.

Wageni walikula saa kumi na mbili jioni. Mama Nkatha alikula vipande vitatu. Mimi sikula sana. Nilikuwa nikimtazama yeye.

Ijumaa asubuhi simu ililia, na sauti ilikuwa yake. Nilishika ukuta.

"Mzee Fidelis," akasema, "ile mifupa mmetupa? Kama iko, niwekee. Nataka supu."

Nikamjibu kwamba ipo, wala sikumsahihisha.

Unisalimie shemeji Eliudi, mama mdogo Anna na wote wa Mbinga wanaoniulizia. Mungu aulinde mguu wako na mikono yako ipikayo.

Ndimi kaka yako, nikupendaye hata ninapochelewa kuandika,

Fidelis