Herufi Zilizobaki Mlangoni

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Neville Karsten
Umri: Miaka 58
Kazi: Mpiga rangi magari
Makazi: Cloncurry, Queensland

Ninafanya kazi katika karakana ya rangi ya Bi. Bronwyn Haddow.

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2019, asubuhi, Clayton Rusk alileta pikapu ya buluu aliyoinunua majuzi Mount Isa. Clayton ni mjenga uzio. Zamani Bronwyn alimfundisha kazi ya rangi hapo kwetu. Clayton alitaka mlango wa kushoto upakwe upya siku hiyohiyo.

Jumamosi iliyotangulia, Trevor Amos aligongwa na gari akiwa kwenye pikipiki, na dereva hakusimama. Redio ilisema Trevor aliona pikapu ya buluu yenye maandishi ya njano mlangoni. Mlango wa Clayton ulikuwa mtupu, kwa hiyo sikuwaza chochote.

Bronwyn alipitisha kidole kwenye mlango, kikatoka na unga. Akasogea pembeni, akainama.

"Nev, njoo usimame hapa."

Nilisimama, nikaona herufi. Hazikuwa za rangi, zilikuwa za mng'ao. Jua la huku hula uso wa rangi mwaka hadi mwaka, ukapauka na kuwa kama chaki, lakini chini ya stika halifiki. Pale stika zilipokuwa zimebandikwa, buluu bado ilimeremeta kama mpya. Tulisoma jina la wenye gari wa awali: MADDERN, WACHIMBA VISIMA. Kwenye herufi ya mwisho kulibaki kipande cha njano, kidogo kuliko ukucha.

"Clayton, mwanangu, stika umezibandua lini?"

"Jana. Paka tu, bosi. Unanihoji kama mama mkwe."

"Trevor ulimwacha anapumua?"

Clayton aliutazama mlango.

"Alikuwa ananitukana, nikajua yuko hai. Niliogopa. Ukipaka, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Na Nev pia, ingawa hata miwani yake hajui alipoiweka."

Funguo za gari zilikuwa mfukoni mwa Bronwyn. Nilidhani atazificha. Badala yake alimwekea Clayton mkononi.

"Barabara ya Isa ile pale. Mimi naenda polisi kwa miguu. Ukitaka, tuongozane."

Akavua aproni, akatoka. Niliogopa sana, maana Clayton alikuwa amekwisha kufungua mlango wa gari. Kisha akaziacha funguo juu ya boneti, akamfuata. Bronwyn alisimama kwenye kivuli cha benki, akamngoja bila kugeuka. Mimi nilikuja nyuma yao.

Nimefanya kazi naye miaka mingi na nimemwona akirudisha rangi ambazo wengine walishindwa. Sijawahi kumwona akifanya kazi nzuri kama ya leo, na brashi hakuishika.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, nami nayatia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi: N. Karsten

Maoni ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo haya na kuyakubali. Mlango umepigwa picha kabla ya kupakwa rangi. Clayton Rusk ameandikisha maelezo yake. Bi. Haddow bado amekaa naye; ameombwa kwenda nyumbani, amesema ataondoka mama yake Clayton akifika.
Konstebo R. Ilves