Zimwage Chupa za Profesa

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu za upendo zikufikie huko uliko. Hujambo? Wifi yangu na watoto wazima? Sisi tunapumua kwa neema ya Mungu, ila kaka yetu alitutia hofu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unamkumbuka Profesa, yule muuza viatu vya mitumba? Siku hizi anavaa koti jeupe. Kitabu pekee alichosoma ni kibandiko cha chupa. Anawafunua watu kope, anachungulia kama fundi anayetazama tangi, kisha anaguna: "Damu imekauka hii, mzee wangu!" Hapo anakuuzia dawa yake ya kuongeza madini ya chuma kwenye damu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kaka alikuwa akichoka na kuumwa vidole, akawa mteja wake. Kila alivyokunywa alizidi kulegea, ngozi ikawa nyeusi kama imepakwa masizi. Profesa akamwambia aongeze kijiko. Nilipomuuliza amesomea wapi, akanijibu, "Dada, kipaji hakina shule." Kipaji! Hata kiroboto ana kipaji cha damu.

Nikamburuta kaka hospitali. Wakamtoa damu kidogo mkononi, wakapima akiba ya chuma mwilini. Kumbe chuma kimejaa hadi kinafurika, kimeanza kulitafuna ini! Sasa matibabu yake ni kupunguzwa damu mara kwa mara, ili chuma kitoke nayo. Tumshukuru Mungu, tumewahi.

Nikampelekea Profesa habari mbele ya wateja wake. Unajua alisemaje? "Si nilisema dawa yangu inafanya kazi? Chuma kimejaa!" Wakacheka, na mmoja akanunua chupa. Mungu anisamehe, niliondoka bila kuaga.

Sasa wewe. Daktari anasema tatizo hili hurithiwa, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja tupimwe. Mimi nimeonekana sawa. Lakini wewe uliniandikia kwamba vidole vinakuuma asubuhi, na kwamba chupa alizokutumia kaka zinakusaidia. Zinakusaidia nini? Zimwage leo! Nenda hospitali, waeleze ya kaka, uombe kipimo cha akiba ya chuma. Wakipima wingi wa damu tu, usiridhike. Wa kaka ulikuwa sawasawa.

Kaka anakusalimu, na mama mdogo anakuombea kila alfajiri. Mungu akufunike kwa mkono wake.

Usinijibu kwamba wewe ni mzima. Kaka naye alikuwa mzima hivyo hivyo. Niandikie walichokiona maabara.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukaripia.