Matita ya Nyasi Nyuma ya Nyumba

Mujukuu wangu Clarisse,

Huku Likasi tuko wazima, na babu yako bado anabishana na redio. Umeniuliza kama mboga inaweza kuota huko kwako Kinshasa, ghorofani, pasipo udongo. Hapo umemuuliza mjuzi mwenyewe!

Kiwanda cha shaba kiliponyamaza na mshahara ukakatika, lupango yetu, kiwanja cha nyuma ya nyumba hapa mtaa wa Shituru, ilikuwa mawe matupu. Nilikata nyasi kando ya reli, nikazifunga matita manene, nikayalowesha kwa maji na mavi ya kuku, nikapanda juu yake miche ya lengalenga, yaani mchicha, siku hiyohiyo. Baada ya siku tatu yote ilikufa. Jirani yetu, Mama Odile, alicheka juu ya ukuta: "Mama, unapandaka mboga ku kitanda?"

Asubuhi moja ya baridi niligusa tita, nikashtuka. Nikaingiza mkono: ndani lilikuwa moto kama bukari, ugali wetu, iliyotoka jikoni! Kumbe nyasi zilikuwa zinaoza, na miye nilikuwa nimepika miche yangu mwenyewe. Sikuyatupa matita. Kila asubuhi nilitia mkono, mpaka siku ambayo haukusikia tena joto. Hapo nikapanda upya.

Lengalenga ile ilinifika kiunoni. Mama Odile alirudi ukutani, safari hii bila kicheko: "Mama, tulishafunga nyasi yetu. Kuya utie mukono."

Nikaenda. Baadaye avenue nzima haikupanda kabla mkono wangu haujapita.

Huko kwako mkono wangu hauwezi kufika. Tia wako, Clarisse. Tangu ulipozaliwa wanasema mkono wako umefanana na huu wangu.

Bibi yako, nkambo wa Shituru