Hewa ya Chumba cha Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye modeli yangu ya kompyuta imekubali kwenda! Nimeingiza chumba cha kaka chote — kuta za mawe, dari ya zege, dirisha, mlango. Mawe yale aliyachonga mwenyewe ujanani, kabla ya saratani ya mapafu. Kompyuta imekadiria radoni inayotoka ukutani. Gesi hiyo haina harufu, haina rangi, unaivuta tu, na miaka ikipita inaleta saratani. Dirisha likifungwa, picha yote nyekundu, yaani hatari. Nimerudia. Nyekundu vilevile.

Jumanne, 4 Machi
Bosi wangu kazini kaangalia, kajikuna kidevu. Eti huenda nimekosea kupima kipande cha jiwe nilichokibandua ukutani kwa kaka. Natamani!

Alhamisi, 6 Machi
Sikukosea.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia kaka. Wifi alikuwa nje, anaanika nguo. Kaka alicheka mpaka kikohozi kikambana — yaani nyumba yangu ndiyo inayonila? Nikasema hakuna awezaye kuapa, na sigara alizovuta je? Nikamsihi wahamie kwangu, yeye, wifi na watoto. Akakataa. Daktari keshanyoosha mikono, anataka kufia kwake. "Nikishazikwa, mwambie wifi yako. Ukimwambia sasa atanibeba mzobemzobe, nikafie kwenye kochi lako bovu." Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa.

Jumapili, 9 Machi
Nimejaribu dirisha likiwa wazi kutwa kucha. Kijani! Nikampigia wifi, nikasema tu mgonjwa anahitaji hewa. Akaguna. Mtu anatetemeka ndani ya mablanketi, hewa gani tena? Nikaaga.

Jumatano, 12 Machi
Wifi kaziba nyufa za dirisha kwa matambara, baridi isimguse mumewe. Kaniambia kwa fahari. Nikamshukuru!

Ijumaa, 14 Machi
Niko kwao. Kaka hoi, ananong'ona tu. Nimekuta watoto wanakokota godoro lao kutoka chumba chao, wanataka kulala na baba. Mdogo kanivuta mkono: shangazi, na wewe lala hapa. Nikasema hapana, rudini kwenu, baba apumzike. Nikaanza kulisukuma godoro mlangoni. Kaka kafumba macho — najua yu macho. Wifi akaacha kutandika, akanitazama.
"Wifi, kuna nini humu ndani?"
Nikasema ngoja nikachemshe maji, narudi. Nimeketi jikoni, naandika. Maji yamechemka zamani. Nasikia wifi anafunga mlango wa chumba. Watoto wanacheka na baba yao.