Mama, Hivi Ndivyo Maji Yalivyomchukua Sadiki

Mama yangu mzazi,

Jambo sana kutoka huku baridini. Barua hii nimempa mtu anayerudi Kindu. Ameniahidi kuitia mkononi mwa mwenye pikipiki atakayeifikisha Kasongo, na kutoka hapo itakufikia Nyangwe. Yaya Feza, dada yangu mkubwa, ndiye atakayekusomea. Nimemwomba asiruke neno hata moja.

Miguu inaendeleaje? Yaya aliniambia uvimbe ulipungua wakati wa kiangazi, na kwamba bado unakwenda kwenye mihogo yako ukishika fimbo. Pole sana. Mimi mwili wangu ni mzima. Sitaongeza neno juu ya afya yangu, kwa sababu kila ninapoitaja ninaona haya.

Naandika kwa kuwa simu imetushinda. Mara ya mwisho uliniambia, "Sadiki alijua kuogelea mbele ya kujua kusema. Maji haiwezi kumuua. Ule mutu uliyemuuzia mudogo wako, mwambie anirudishie mutoto wangu." Kisha ukakata. Tangu siku hiyo ukisikia sauti yangu unampa Yaya simu. Najua wanayosema sokoni, kwamba kila anayefika Bulaya, huku kwa Wazungu, amemtoa ndugu kafara. Sikukasirika, Mama. Nilikuambia tu kwamba amekufa maji, sikukuambia namna gani. Mwenye kuficha huachia wengine nafasi ya kujazia maneno. Leo nitakueleza yote, na ukimaliza kusikia utahukumu mwenyewe.

Unakumbuka siku tulipokimbia risasi kule machimboni Salamabila, ulituma neno kwa mtu wa pikipiki: "Bushiri, uangalie mudogo wako." Nilimwangalia. Ziwa tulivuka pamoja. Katika kambi ya wakimbizi ng'ambo tulilala chini ya turubai moja miaka minane. Anifa, mke wake, alikuwa amekwenda kwa wazazi wake Kabambare kujifungua, kwa hiyo hakuvuka nasi, na Sadiki hakumwona mtoto wake isipokuwa kwenye picha ya simu. Karatasi za kuja Kanada zilipotoka, zilitoka na majina yetu mawili.

Walituleta katika mji mdogo, pale ambapo mto mkubwa unaingia baharini. Kazi yetu ni kiwanda cha samaki: unasimama kwenye maji ya barafu tangu asubuhi, unakata vichwa, unatoa matumbo. Samaki wenyewe wanaitwa samoni. Samaki huyu anazaliwa mtoni, anakwenda kukulia baharini miaka kadhaa, halafu anarudi mto uleule alimozaliwa, anataga mayai, anakufa. Sadiki aliposikia habari hiyo alitikisa kichwa akasema, "Kaka, samaki huyu iko na akili kutupita. Yeye anajua njia ya kurudia."

Jirani yetu ni mzee wa Kizungu, tunamwita Dani, mvuvi wa siku nyingi. Alimpenda Sadiki kwa sababu ya mikono yake. Alimwona akishona wavu uliopasuka jinsi mjomba Lukali alivyomfundisha kwa Wagenya, wavuvi wa mto wetu Lualaba, akashangaa. Akaanza kutuchukua siku za mapumziko katika boti lake dogo la bati, lenye mota nyuma. Kabla hatujagusa maji alitukalisha nchi kavu saa nzima. Alitufunga majaketi ya kuelea, yale tunayoita jile, akavuta kila mkanda kwa mkono wake. Alisema, "Msiyahesabu maji haya kama maji ya kwenu. Ukianguka, baridi inakukata pumzi hapohapo, na muda si mrefu mikono haitakusikia tena, hata uwe fundi wa kuogelea. Boti likipinduka, shikeni boti. Msiliache."

Sadiki alininong'oneza, "Huyu muzee anatufikiria kuku." Tulicheka. Lakini alifuata kila neno, Mama, nataka ulijue hilo. Mimi ndiye niliyesikia na kusahau.

Jambo lingine alilotufundisha ni la bahari yenyewe. Huku bahari inapanda na kushuka mara mbili kila siku. Inapopanda, mdomo wa mto unatulia. Inapoanza kushuka, maji yote ya mto yanakimbilia nje, na upepo wa baharini unayapiga usoni. Hapo mawimbi yanasimama kama kuta. Na nanga, alisema, inafungwa mbele ya boti siku zote. Ukiifunga nyuma, palipo mota na uzito, mkondo unavuta nyuma chini na maji yanaingia. Nanga ikikwama, kata kamba uondoke. Kisu kilikuwa kimefungwa hapohapo mbele kwa ajili ya hilo tu.

Siku ile ilikuwa Jumapili, samoni wameanza kurudi, mdomo wa mto umejaa boti. Dani alikuwa anaumwa goti. Alituazima boti lake akasema, "Saa sita ya mchana muwe mmefika nchi kavu. Baada ya hapo maji yanageuka." Tuliondoka asubuhi tukiwa tumefunga jile zetu vizuri, tukatia nanga kwenye mdomo wa mto. Jua lilitoka, na maji yalitulia kama Lualaba pale chini ya kanisa.

Sadiki alipata samaki wawili. Mimi sikupata kitu. Mama, ni jambo dogo la kipumbavu, lakini niliumia. Miaka kumi nilikuwa nimebeba jina la mkubwa, na watu wa boti za jirani walikuwa wanampigia yeye makofi.

Ilipokaribia saa sita, Sadiki alikunja mshipi wake.

"Kaka, twende. Muzee alisema saa sita."

"Ngoja kidogo. Mumoja tu."

Boti zingine zilianza kuondoka moja moja. Hapo ndipo samaki alipokamata ndoano yangu. Alikuwa mkubwa kuliko wote niliowahi kukata kiwandani. Alinivuta huku na huku, sijui kwa muda gani. Sadiki alifungua mikanda ya jile yake ili ainame vizuri na wavu wa mkono, na alipomwingiza samaki ndani alipiga kelele za furaha kwa Kibangubangu cha kwetu, tukacheka hadi machozi. Ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka. Hakufunga tena ile mikanda, na mimi sikuitazama.

Tulipoinua macho tulikuwa peke yetu, na maji yalikuwa yamegeuka. Mkondo ulikuwa unapita kando ya boti ukitoa sauti. Nilivuta nanga, ikakataa. Nikavuta tena. Sadiki akachukua kisu.

"Tukate, kaka."

Nilimwambia hapana. Nilifikiri, tutarudije kwa mzee bila nanga yake, sisi wageni tulioaminiwa? Nikafungua kamba mbele, nikaileta nyuma ili mota isaidie kuing'oa.

Sadiki alinishika mkono. "Muzee alikataza. Nyuma hapana."

Nikamjibu, "Nani mukubwa hapa?"

Akaniachilia mkono. Akakaa. Mama, huyo ndiye mtoto uliyemlea: aliponisikia nikisema mimi ni mkubwa, alikaa.

Kamba iliponyooka, nyuma ya boti ilizama kama mtu aliyekaa chini. Maji yaliingia yote mara moja. Mota ilikufa. Sikumbuki kupinduka, nakumbuka tu kwamba nilifungua mdomo kuita na pumzi haikuja. Ile baridi si baridi ya mvua, ni kama kipigo. Nilipopata pumzi nilikuwa nimeshika tumbo la boti, na Sadiki alikuwa upande wa pili. Jile yake ilikuwa imepanda hadi kichwani, kisha wimbi likaivua kabisa ikaenda.

Alitazama mchanga wa ufuko. Ulionekana karibu, kama kutoka kwako hadi kwenye kivuko.

"Kaka, shika hapa. Mimi naenda kuita watu."

"Usiache boti! Sadiki, shika boti!"

"Iko karibu. Muto wetu iko mupana kupita huu. Nitafika."

Aliachia. Mwanzoni aliogelea vizuri, kichwa juu, jinsi mjomba alivyotufundisha. Lakini alikuwa anatazama mchanga huku maji yanampeleka upande wa bahari, na kila aliporusha mkono, haukuinuka juu kama wa kwanza. Aligeuka mara moja kunitazama. Hakupiga kelele. Nilimwita hadi sauti ikakauka. Likaja wimbi kati yetu, lilipopita sikumwona.

Kwa hiyo ulisema kweli, Mama. Sadiki alijua kuogelea. Angekuwa hajui, angebaki ameshika boti pamoja nami, na leo angekuwa hai.

Mimi jile yangu ilinishikilia. Baba mmoja na binti yake walikuja na boti kubwa wakanitoa, vidole vyangu havifunguki. Walimtafuta Sadiki siku tatu, kwa boti na kwa ndege zile zinazosimama hewani. Waliokota jile peke yake. Mikanda ilikuwa mizima, haikukatika. Ilifunguliwa.

Nilikwenda polisi nikaeleza habari ya kamba. Yule askari aliandika, akaufunika mkono wangu kwa wake, akasema ni ajali, nirudi nyumbani nikapumzike. Huku hakuna atakayeniuliza tena. Mzee Dani alikuja mlangoni kwetu na goti lake bovu, akalia, akasema ni kosa lake kutuazima boti. Nikamwambia, "Hapana, niliifunga nanga nyuma." Aligeuka hapohapo. Aliondoka akichechemea, na tangu hapo nikipita anaingia ndani.

Kuna la Anifa pia. Karatasi za kumleta yeye na binti yao zilikuwa zimepita, zimebaki vipimo vya hospitali tu. Zilikuwa kwa jina la Sadiki. Niliomba ziandikwe kwa jina langu. Waliniambia shemeji si mke, na faili imefungwa. Nimeuliza biro tatu, ofisi za mambo hayo, jibu ni lilelile. Sioni njia nyingine, na sitamdanganya kwamba ipo.

Nasikia mjomba Lukali anataka nije niape mbele ya ukoo. Ningekuja hata kwa miguu, lakini karatasi nilizonazo zinakataa nirudi nchi tuliyoikimbia. Nikirudi, hawatanipokea tena huku, na huko nitakuwa mdomo mwingine wa kulishwa na mihogo yako. Mwambie kiapo changu ni barua hii. Sikumuuza Sadiki. Nilimuua kwa ukubwa wangu, na hilo sina pa kulipeleka.

Msalimie mjomba Lukali, mwalimu wa mikono ya Sadiki. Msalimie Yaya Feza, anayebeba sauti yangu wakati huu. Pole, Yaya, nimekutwika mzigo wangu. Katekista, rafiki wa baba, aniombee kama anaona bado inafaa. Kwa Anifa sijui salamu gani inatosha. Mfikishieni hii kwanza, halafu mumwachie aseme atakalo.

Nimeambiwa hutaki kuketi matanga, kwamba hujanyoa nywele, kwamba kila jioni unamwachia Sadiki bugali chini ya kifuniko kwa sababu hakuna aliyekuonyesha maiti. Mama, nimekwenda ule ufuko kila Jumapili, tangu maji yanaposhuka hadi yanapopanda. Nimeuliza wavuvi wote. Bahari hii hairudishi. Keti matanga. Nyoa nywele. Mimi, kama unataka, ningoje kwenye simu, hata iwe kwa kunilaani. Yeye usimngoje tena.

Ni mimi, mtoto wako wa kiume aliyebaki,

Bushiri