Aspirini za Bibi wa Ulemo

Dada Rehema, shikamoo.

Upepo wa Ulemo unanilisha vumbi asubuhi na jioni, kwa hiyo sina njaa. Mdogo wako, nesi mwenye cheti, nimemtibu bibi mmoja wiki nzima. Kila asubuhi anakuja zahanati kulalamikia kichwa. Nampa aspirini, anakaa akisimulia nyumba aliyoiacha alipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nami msomi naandika "kichwa" daftarini.

Leo amefungua fundo la khanga, akanirudishia vidonge vyote.

"Wape wagonjwa, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuongea naye."

Cheti changu kiacheni hapo nyumbani ukutani, wageni wakitazame.

Msalimie mama. Akianza habari za kichwa chake, usimpe kidonge, kaa naye.

Wako,
Zena